Siku Korido ya Hajati Ilipopoa

Mimi si mtu wa kuandika kitabu. Shule niliishia darasa la saba, upande wa Kenya, karibu na mpaka, na Kiswahili changu ni cha kanisani kilichochanganyika na cha sokoni. Nimezoea tu kuandika mambo ya siku kabla sijalala, na mengi ninayoandika hayana maana kwa mtu mwingine. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka moyo unaniruka kama wa msichana. Jambo lenyewe ni baridi. Ndiyo, baridi! Baridi inayosafiri kwenye bomba chini ya barabara kama maji ya kunywa, ikaingia dukani kwako ukifungua koki. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Nikiwaeleza wengine wanadhani nawatania. Nijaribu hapa.

Nilikuja Kampala vita vikiwa vimekwisha, kuta za mjini bado zina matundu ya risasi. Nilimfuata mume wangu aliyekuwa amepata kazi ya stoo. Nikaanza kuuza soda kwenye ndoo Nakivubo, nikitembea baina ya teksi, na baada ya miaka mingi nikapata chumba changu chenye friji mbili ndani ya jengo la maduka, lile ambalo wenyewe tunaliita akedi. Jengo letu ni njia moja ndefu katikati, vyumba huku na huku, bati juu. Mbele kuna mlango mkubwa unaotazama barabara. Nyuma kuna mlango mwingine unaotokea kwenye korido nyembamba, ukuta upande huu na ukuta upande ule. Wapangaji walinichagua kuwa mwenyekiti wao. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na ndugu hata mmoja mle ndani wa kumpendelea. Inawezekana pia ni kwa sababu kila mtu alitaka kukopa soda. Sijui.

Niseme haki: Kampala si mji wa joto kali. Jioni upepo wa ziwa unafika, asubuhi unavaa sweta. Mtu wa Juba au wa Mombasa akisikia tunalalamika joto atacheka mpaka akae chini. Lakini aingie akedi yetu saa nane mchana, mwezi wa pili, bati limewaka, watu wamebanana, taa zinawaka kila duka na simu zinachajiwa ukuta mzima! Pale nguo inakushika mgongoni kama ngozi ya pili. Ndiyo maana wauza simu walianza kuweka viyoyozi. Wauza vipodozi wakafuata, kwa sababu mafuta ya nywele yalikuwa yanayeyuka. Halafu kila mtu.

Sasa kiyoyozi kina sehemu mbili. Ile ya ndani inapuliza baridi, na lile sanduku la nje linatema joto lililotolewa ndani. Mwenye jengo alikataza masanduku yasitundikwe mbele yakaharibu sura ya jengo, kwa hiyo yote yalitundikwa nyuma, kwenye ile korido. Safu nzima ya masanduku, yananguruma kutwa.

Na kwenye korido alikuwepo Hajati.

Hajati ni fundi wa kushona, Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudan na jeshi la wakoloni. Alikuwa na chumba kile cha nyuma kabla yetu sote. Aliwashonea watu sare za shule, na waliovaa sare zile wakarudi kushonewa magauni ya gomesi ya harusi, na sasa wanaleta watoto wao. Mlango wake na dirisha lake vyote vinatazama koridoni. Masanduku yote yalimpulizia yeye.

Nilikuwa nampelekea soda mchana.

"Hajati, habari ya leo?"

"Habari ya leo ni ile ya jana, binti yangu, ila imeiva zaidi. Niwekee hiyo chupa hapa shingoni kwanza. Kunywa ni baadaye."

Alikuwa ameanza kuishiwa nguvu. Siku moja alianguka juu ya mashine yake, na binti yake alikuja kutoka Bombo akiwa na hasira, akaapa kwamba mvua zikianza atamchukua mama yake, iwe isiwe. Kodi ya chumba cha mbele Hajati asingeiweza. Kwenda Bombo hakutaka.

"Bombo watanikalisha kwenye kiti, wataniletea chai na kuniambia pumzika," aliniambia. "Nitakufa kwa kupumzika. Kazi yangu iko hapa. Watu wangu wako hapa. Lakini hii moto, wallahi, hii moto imenishinda."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: masanduku yaondoke, au Hajati aondoke. Na nani angeondoa masanduku? Mimi mwenyewe nilikuwa napita pale mbio mbio, nimekunja uso.

Hapo ndipo alipokuja injinia.

Ng'ambo ya barabara walikuwa wanapanga kujenga majengo makubwa mapya, maduka na hoteli na zahanati, na yeye alikuwa ameajiriwa kupanga namna ya kuyapoza. Mwanamke wa makamo, Mganda, viatu vya matope, kichwani kofia ya plastiki aliyosahau kuivua hata akinywa chai. Alikuja kwetu kwa sababu alitaka kujua kama akedi yetu ya zamani nayo iunganishwe. Tulimketisha kwenye kreti za soda. Akatueleza, na nitaandika kama nilivyoelewa, ambavyo huenda sivyo.

"Kila duka hapa limejinunulia jiko kubwa la kuchemshia kikombe kimoja cha chai," alisema. "Mimi nataka sufuria moja kwa mtaa wote."

Yaani pajengwe nyumba moja ya mashine, juu kidogo ya mtaro wa Nakivubo ili mafuriko yasiifikie. Mashine zile zipoze maji usiku, wakati umeme wa mabwawa ya Jinja hauna kazi nyingi, na maji yale baridi yawekwe kwenye tangi kubwa lililofungwa vizuri kama chupa ya chai, ila hii inatunza baridi. Mchana maji yapite kwenye mabomba chini ya barabara mpaka kwenye kila jengo. Dukani kwako unakuwa na feni tu yenye koili, yaani kibomba kilichojikunja kunja; maji baridi yanapita ndani ya koili, feni inapuliza, maji yanarudi kule kupozwa tena. Hakuna sanduku la nje. Hakuna jenereta la dizeli kunguruma na kutoa moshi. Na ile gesi ya viyoyozi, ambayo injinia alisema ikivuja inazidi kuipasha dunia moto, haitakuwepo madukani kwetu kabisa.

"Joto letu litakwenda wapi?" niliuliza. Niliona aibu kuuliza, lakini nilikuwa namfikiria mtu mmoja.

"Litatokea pale kwenye nyumba ya mashine, juu, mbali na pua za watu. Na litakuwa kidogo kuliko mnalotoa sasa, kwa sababu mashine kubwa moja inakula umeme kidogo kuliko utitiri huu wenu."

Mwili mzima ulinisisimka! Nilitaka kukimbia koridoni saa ile ile. Lakini mwenyekiti hakimbii, na pia watu walikuwa wameanza kuuliza.

Wa kwanza alikuwa mzee wa vitenge, Mganda, ndiye mwenye duka kubwa kuliko yote mle ndani. Mtu mwaminifu, naomba nimtendee haki, kwa sababu baadaye tulikuwa pande mbili.

"Injinia, hiyo baridi yako inataka mlango ifungwe, si ndiyo?"

"Ndiyo, sebo," alimjibu, yaani bwana. "Vinginevyo tunapoza barabara."

"Basi mimi mlango yangu sifungi. Hapa mjini, nyabo, ukiona duka imefungwa mchana, unajua mwenye nyumba ameweka kufuli yake, mtu ameshindwa kodi. Kastoma anakuhurumia na anapita."

Watu wakapiga makofi. Ni kweli kabisa. Kwetu mlango ulio wazi ndio kibao cha duka.

Muuza simu mmoja, Mkongomani mwenye mdomo mwepesi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Basi mufunge mdomo ya jengo yote! Ya mbele na ya nyuma! Sisi tubakie wazi humu ndani ya tumbo!"

Tukacheka. Injinia hakucheka. Alitazama mlango mkubwa wa mbele, akageuka akatazama wa nyuma, akavua ile kofia kwa mara ya kwanza.

"Rudia, sebo."

"Nilikuwa natania, mama."

"Endelea kutania."

Wakakaa wanachora chini kwa chaki, kila mlango wa jengo uwe milango miwili yenye nafasi katikati, mmoja ukifunguka mwingine umefungwa, na wabebaji wa marobota wapewe njia pana pembeni. Wabebaji walilalamika kwamba ni mzunguko, nao walikuwa na haki, na chaki ikafutwa ikachorwa upya. Sijawahi kuona watu wanafurahia kugombana vile.

Mwisho injinia akasema wazi: wapangaji wenyewe wataamua. Walio wengi wakikubali kuacha viyoyozi vyao na kulipia maji baridi badala yake, bomba litavuka barabara. Wakikataa, bomba litaishia ng'ambo.

"Lakini hamuwezi kununua kitu hamjakiona," alisema. "Nitawaletea siku moja ya baridi."

Na aliileta! Ilifika kwa lori, asubuhi, barafu kutoka kiwanda kimoja cha samaki upande wa Luzira, mabonge kwa mabonge yamefunikwa turubai, yananuka ziwa. Akaweka tangi la plastiki nje ya mlango mkubwa, akajaza maji na barafu, akafunga pampu, akatandaza mabomba ya chuma yakipita juu ya milango ya maduka yetu mpaka mwisho, na kwenye nguzo akatundika feni zake zenye koili. Mabomba yote aliyavika sponji nyeusi, nene, imebana kama soksi. Milangoni tulitundika maturubai mawili mawili yenye nafasi katikati. Halafu akaomba kitu kimoja tu: kila mtu azime kiyoyozi chake, siku hiyo moja.

Vikazimwa. Kimoja, kingine, kingine. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba jengo letu lina ukimya.

Pampu ikaanza. Kwa muda hakuna kilichotokea, na nilijiambia, haya, umewaaibisha watu. Halafu nikasikia kitu kwenye kifundo cha mguu. Halafu shingoni. Banange! Sauti zilianza kupanda duka hadi duka. Mama wa vipodozi alisimama chini ya feni amefumba macho, mikono ameinua kama yuko kanisani. Wateja waliokuja kuuliza bei hawakutoka. Walikuwa wanauliza bei za vitu wasivyovitaka.

Sasa nieleze kosa letu, kwa sababu ni kosa ambalo nadhani wafanyabiashara wa Kampala tu wangelifanya. Kwetu hapa huuzi kitu kilichofungwa. Ukimwambia mteja blanketi ni laini, unafungua mfuko anashika. Ukimwambia simu ni mpya, unatoboa boksi mbele yake. Basi muuza simu alikuwa anajisifu kwa wateja wake: "Hii ni maji ya barafu inapita hapa, mukitaka mushike!" Wakashika, wakakuta sponji. Sponji haina baridi, kazi yake ni kuizuia isitoke.

"Unatudanganya," mteja mmoja akamwambia. "Hii ni paipu tu."

Mkongomani akachukua wembe akachana sponji, akaivua kama anavyovua plastiki ya simu. Mteja akagusa chuma. Akaruka! Watu wakajaa. Jirani yake akaona wateja wamekimbilia kule, naye akachana ya kwake. Kufikia mchana sehemu kubwa ya bomba ilikuwa uchi, na kila duka lilikuwa na foleni ya watu wanaogusa bomba na kupiga kelele, na hata mimi niligusa, jamani, niligusa mara nyingi. Injinia wakati huo alikuwa nje na fundi wake wanaongeza barafu.

Chuma baridi, watu wamejaa, pumzi zao, jasho lao. Kila anayeuza soda anajua chupa ikitoka kwenye friji inafanyaje. Bomba likaanza kutoka jasho. Kwanza vitone vidogo, vizuri hata kutazama. Halafu likaanza kudondosha, tap, tap, na mahali lilipodondosha zaidi ni juu ya meza ya mzee wa vitenge, kwenye robota lililofunguliwa asubuhi ile ile.

"Maji! Maji! Bomba imepasuka!"

Injinia aliingia akikimbia. Alipoona mabomba yako uchi alisimama, mkono mdomoni. Nilidhani atatutukana. Alisema taratibu tu, "Nani ameyavua nguo?"

Kila mtu alikuwa amesimama juu ya vipande vya sponji.

Mzee wa vitenge hakutaka kusikia habari ya sponji. Alikuwa ameinua kitenge kimoja kinachodondosha, rangi imeanza kuingiliana, na macho yake yalikuwa mekundu. "Leo ni siku moja. Kesho mtaniwekea hii kitu miaka yote juu ya kichwa ya vitu yangu? Hapana. Mimi ni hapana." Na wengi wakaitika naye. Nilisikia kelele za hapana zikienda mpaka mwisho wa njia. Pampu ikazimwa.

Nikaenda nyuma kumwambia Hajati kwamba tumeharibu.

Alikuwa anashona. Nje! Alikuwa ametoa mashine yake koridoni, ameiweka chini ya yale masanduku yaliyozimwa, na upepo mdogo, upepo wa kawaida tu wa Mungu, ulikuwa unapita kati ya kuta mbili na kuinua uzi kwenye kidole chake. Hakukuwa na bomba kule, wala feni. Alikuwa amepata tu hewa yake mwenyewe, ile tuliyomnyang'anya.

"Mbona kelele huko?" aliuliza.

"Wamekataa, Hajati. Nadhani wamekataa."

Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Basi niache nimalize hii sare kabla hawajawasha."

Kura ilikuwa wiki iliyofuata. Hapa Uganda, tangu kamati za mitaa zilipoanza baada ya vita, kuna namna ya kupiga kura ambayo mtoto hawezi kuikosea: watu wanapanga foleni nyuma ya wanachokitaka, mbele ya macho ya wote, na wanahesabiwa. Nilipenda iwe hivyo. Karatasi ingewaaibisha wasiojua kusoma, nami nikasema wenye ndiyo wapange foleni kuanzia mlango wa mbele, alipokuwa injinia na michoro yake, na wenye hapana waanzie nyuma. Sikufikiria zaidi ya hapo. Naapa sikufikiria.

Viyoyozi vilikuwa vimewashwa kama kawaida, maana maduka yalikuwa na wateja. Foleni ya ndiyo ilijipanga mbele, mlangoni, kwenye hewa. Foleni ya hapana, nayo ilikuwa ndefu, nadhani ilikuwa ndefu kuliko ile, ilijaa nyuma, ikapita mlango, ikaingia koridoni. Mwenye kuanza foleni alikuwa mzee wa vitenge, na kwa kuwa ndiye wa kwanza, alikuwa amesukumwa mpaka mwisho kabisa kule, karibu na mlango wa Hajati, safu nzima ya masanduku inamtemea usoni.

Nikaanza kuhesabu. Nikaona hapana inapungua. Mmoja anajipepea kwa gazeti, anatoka. Mwingine anafuta shingo, anasema anarudi sasa hivi, harudi. Muuza simu, ambaye licha ya lawama za sponji alikuwa upande wa ndiyo, alininong'oneza huku meno yake yote yako nje: "Mama, hesabu pole pole! Uhesabu pole pole! Joto inatupigia kampeni!"

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimwona Hajati mlangoni kwake, ameshika fremu ya mlango, anatazama foleni ile ikiyeyuka, na nilijua nikitulia kidogo tu atabaki.

Halafu mzee wa vitenge akaniita kwa sauti kutoka kule mwisho: "Cheyamani! Unatupika!"

Na alikuwa anasema kweli. Nilisimama pale nimeinua kidole cha kuhesabia na sikujua pa kukipeleka. Kuzima masanduku? Nikiyazima naficha kitu kile kile tunachokipigia kura. Kuyaacha? Nawachoma wa upande mmoja. Mimi si hakimu, sina elimu ya mambo haya, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya vizuri. Nilisema tu lililonijia.

"Foleni zibadilishane! Wa mbele waende nyuma, wa nyuma waje mbele. Kisha nahesabu upya."

Zilipigwa kelele! Mkongomani alishika kichwa. "Mama, unatuuza! Tulikuwa tunashinda!" Mama wa vipodozi alinisonya mbele ya watu wote. Injinia alishusha michoro yake akanitazama. Hajati alinitazama pia, na sikuweza kumtazama.

Lakini walibadilishana. Kupishana kwenye njia ile nyembamba, foleni mbili, vitambi na marobota, watu wanakanyagana na kutaniana. "Nendeni mkaive kidogo!" "Sisi tumeshaiva, zamu yenu!" Wenye ndiyo wakaingia koridoni, na joto likawapokea. Niliona nyuso zao. Wengi wao hawakuwa wamesimama pale hata siku moja. Walikuwa wanatundika sanduku na kurudi mbele. Baadhi walitoka. Walitoka, siwezi kuficha, na kila aliyetoka nilihisi kama nimemsukuma mimi.

Hajati akasema, si kwa ukali, kama mtu anayekaribisha wageni, "Simameni, wanangu. Mimi ninakaa hapa. Nyinyi simameni kidogo tu."

Akaingia ndani, akatoa stuli yake, akampa mama mmoja mwenye mimba. Kisha yeye mwenyewe, ambaye si mpangaji wa mbele na hakuwa amepanga foleni yoyote kwa sababu alisema hatapiga kura katika jambo lake mwenyewe, akasimama pembeni na kuwapepea kwa kipande cha kitambaa.

Sasa upande wa mbele. Wale wa hapana walikuwa wanapigwa na hewa safi, wamepona. Nilitegemea wangetulia. Lakini mwanamke mmoja muuza viatu, shati lake bado limelowa jasho la kule nyuma, alikuwa anatazama njia nzima mpaka koridoni. "Banange," alisema, si kwa mtu yeyote. "Na yule mama mzee yuko pale kila siku?" Akatoka kwenye foleni yake, akatembea njia yote ile ndefu, akaingia kwenye joto mara ya pili kwa miguu yake mwenyewe. Baada yake akatoka mwingine. Wakawa wanatoka mmoja mmoja, bila haraka, wengine wanacheka kwa aibu, wengine wamekunja uso kana kwamba wamelazimishwa. Si wote. Waliobaki walikuwa na sababu zao na hakuna aliyewazomea, ningemkataza.

Nilihesabu kwa sauti, nikimgusa kila mtu bega, kwanza wa mbele, kisha wa koridoni. Nilianza kuharakisha kabla sijafika mwisho, kwa sababu hesabu ya wa mbele nilikuwa nimeshaipita na bado nilikuwa na mabega ya kugusa. Wa mwisho alikuwa Mkongomani. Nilimpiga kofi la bega badala ya kumgusa.

Bomba litavuka barabara!

Nakumbuka kelele, na mtu kunimwagia soda yangu mwenyewe kichwani. Mzee wa vitenge hakuwa ametoka kwenye foleni ya hapana hata hatua moja. Alikuja mpaka nilipo, nikajiandaa kutukanwa.

"Nimeshindwa," alisema. "Lakini nimeshindwa nikiwa nimekaa kwenye hewa, sina la kusema. Ila sikia, cheyamani. Hiyo sponji. Mtu akiigusa tena, mimi mwenyewe nitamvua nguo, tuone kama hatatoka jasho."

Injinia alitandaza mchoro wa jengo letu juu ya friji yangu. Ilikuwa karatasi kubwa, na kwenye korido alikuwa amechora masanduku yetu yote kama vijiboksi, kimoja kimoja. Akachukua kifutio na kuanza kuvifuta. Watu walikuwa wamejaa begani kwake kuangalia, kama wanaangalia mpira wa penalti. Kila kijiboksi kikiondoka mtu anasema, "Hicho changu." "Na hicho changu."

Korido ilipobaki nyeupe, Hajati alipenya mpaka mbele. Alitafuta miwani yake, akainama.

"Na mimi niko wapi hapa?"

Injinia akamwonyesha mlango wake.

"Hapana, huko ni ndani. Mimi nataka kukaa nje, pale kwenye upepo. Nichoree mashine yangu."

"Mama, huu ni mchoro wa mabomba."

"Nichoree, binti. Wasije wakasema hapa hapana mtu."

Injinia akanitazama, mimi nikamtazama mzee wa vitenge, ambaye aliinua mabega. Basi akachora. Hakuwa hodari wa kuchora mashine ya kushona, ilifanana zaidi na mbuzi. Hajati aliitazama muda mrefu, akasema gurudumu limekaa upande usio wake, na injinia akalifuta akalichora tena.